Bima ya afya ya serikali yenye ada ya kila mwezi: huduma naipa nyota nne, ada naipa moja

Haya maoni naandika kama mtu anayeitumia bima ya umma na familia yake, kwa hiyo niliweke wazi kabisa mapema, bima yenyewe ni nzuri sana. Mtoto akishikwa na homa usiku huanzi kupigia ndugu simu kuomba hela, unabeba kadi mnaenda. Mjamzito anaanza kliniki mapema, mwenye presha anachukua dawa za mwezi mzima badala ya kununua vidonge vya siku mbili tatu alafu akae bila. Na kitu kikubwa zaidi, mtu haogopi kwenda kupima. Hapo sina neno, nyota nne, ile ya tano nimeibania kwa sababu ya foleni na dawa ambazo unaambiwa ukanunue nje.

Shida yangu ni ada. Ule mchango wa kila mwezi ambao usipolipwa kadi inakufa. Nazungumzia familia zenye kipato cha chini, zile ambazo leo hela ipo kesho haipo, maana hao ndo bima ya umma ilianzishwa kwa ajili yao na hao hao ndo wa kwanza kuanguka ada ikiwekwa.

Ukiiangalia kwenye karatasi ada inaonekana ndogo. Wanaopanga wanachukua kipato cha mwezi, wanatoa asilimia moja au mbili, wanasema hii inalipika. Lakini familia nyingi hazina kitu kinaitwa kipato cha mwezi. Baba ni kibarua, jumatatu kapata kazi, jumanne kakaa, jumatano kapata nusu siku, mama anauza kidogo kidogo, ikifika tarehe ya mchango ndani kuna hela ya kula siku mbili tu. Sasa inaingia meseji kwenye simu kwamba bima yako inaisha tarehe fulani. Hapo fikiria hiyo familia inavyopanga: kodi ikichelewa mwenye nyumba atagonga mlango, chakula kikikosekana watoto watalia leo leo, ada ya shule isipolipwa mtoto anarudishwa nyumbani, na bima isipolipwa leo... hakuna kitu kinatokea. Hakuna anayegonga. Hakuna anayelia. Ndo maana kila mwezi mgumu bima ndo inarukwa kwanza, na sio kwamba watu hawajui umuhimu wake, wanajua vizuri sana, ila deni lisilopiga kelele ndo linalosubirishwa.

Alafu miezi miwili baadae mtoto anazidiwa, mama anafika dirishani, karani anaingiza namba, anaangalia skrini, anageuza kadi anaingiza tena, anasema mama hii haisomi, mchango umekatika. Mama anauliza nikilipa sasa hivi je? Anaambiwa alipe malimbikizo yote, na hata akilipa itachukua siku kadhaa kabla haijafunguka. Mtoto yupo mgongoni anachemka. Mimi nimeyaona haya kwa macho yangu, mtu aliye mbele yangu kwenye foleni, na mpaka leo sijaelewa nani alikaa akaona huu ni utaratibu unaofaa kwa mtu mwenye mtoto mgonjwa.

Kuna watu watasema hiyo ni hadithi ya mtu mmoja. Sawa, basi tuangalie sehemu ambapo mambo yamepimwa kwa namba, na Marekani wamelipima sana hili kwa sababu kila jimbo lilikuwa linajaribu lake. Jimbo la Oregon mwaka 2003 lilibana bima ya watu wazima maskini, ada ya dola 6 mpaka 20 kwa mwezi kutegemea na kipato, na hata asiye na kipato kabisa alitakiwa kutoa hizo 6, ukikosa kulipa unatolewa na hurudi mpaka miezi 6 ipite, na malipo ya papo kwa papo ukienda kutibiwa nayo yakaongezwa. Ndani ya mwaka huo karibu nusu ya wanachama wakawa wametoka. Nusu! Kwa ada inayoanzia dola 6.

Kilichonishangaza zaidi ni Wisconsin. Kule mchumi mmoja aliangalia familia zilizokaa karibu sana na mstari wa kipato, wa chini ya mstari halipi kitu na wa juu kidogo anaanza kulipa, akakuta kutoka sifuri kwenda dola 10 kwa mwezi uwezekano wa mtu kubaki kwenye bima mwaka mzima unashuka kwa pointi 12 mpaka 15 za asilimia. Ila ada ikishakuwepo, kuipandisha kidogo tena hakuleti tofauti kubwa vile. Yaani kinachofukuza watu sana ni kule kuwepo kwa malipo kwenyewe: kukumbuka tarehe, kutafuta pa kulipia, kuwa na hela siku ile ile, kutunza risiti, kufuatilia kama imeingia. Kwa mwenye mshahara yote haya yanakatwa huko huko hata hajui. Kwa asiye na mshahara ni kazi ya kila mwezi, na ukiikosa mara moja tu umetoka.

Hii haina maana kwamba kiasi hakijalishi. Massachusetts ambako bima ya watu wazima wa kipato cha chini ilikuwa na ngazi za ada, watafiti walikuta kila ada inapopanda dola 40 kwa mwezi wanachama wanapungua kama robo hivi. Na hapa ndo unakuja upande ambao watu hawauangalii: wanaotoka ni akina nani? Wanaotoka kwanza ni wale wanaojisikia wazima. Mwenye kisukari atakopa alipe, mwenye mimba atalipa, kijana mzima atasema ngoja mwezi ujao. Kwa hiyo mfuko unabaki na wagonjwa watupu, gharama ya kila mwanachama inapanda, alafu wanakuja kusema mfuko una hali mbaya tupandishe ada. Wakipandisha wanatoka wengine wazima. Ni mduara mbaya sana na umeanzishwa na ada yenyewe.

Indonesia waliliona hili vizuri. Walifanya majaribio mijini kwa familia zisizo na ajira rasmi, wengine wakalipiwa ada yote ya mwaka wa kwanza ili mradi wajiandikishe haraka, wengine wakaachwa na utaratibu wa kawaida. Waliolipiwa, asilimia 27 wakajiunga ndani ya mwaka, wale wengine asilimia 8 tu. Na waliovutwa na hiyo ruzuku walikuwa na afya nzuri kuliko wanaojilipia wenyewe, ambao wengi wao walikuwa wanaingia wakiumwa, wanatibiwa, wanaacha kulipa. Lakini pia ona, hata kwa bure kabisa ni 27, sio 100, kwa sababu kujiandikisha kwenyewe kulikuwa na usumbufu wake. Kwa hiyo nisidanganye kwamba ukifuta ada kila mtu ataingia kesho yake. Fomu, vyeti vya kuzaliwa, mtandao kukwama, hivo vyote navyo vinafukuza watu.

Nakuja kwenye hoja ninayoisikia kila siku, kwamba mtu akipewa bure hathamini, na kwamba mfuko unahitaji hela. Ya kuthamini naikataa moja kwa moja. Mama aliyelala kwenye benchi kusubiri mtoto achomwe sindano anathamini, hahitaji kutozwa ndo athamini. Ya hela ina uzito, matibabu yanagharimu na lazima yalipwe na mtu. Ila angalia hela yenyewe inavyokusanywa. Jimbo la Virginia huko huko Marekani lilikuwa linatoza familia ada kwenye bima ya watoto, mwaka 2002 likaifuta, kwa sababu hesabu zilionyesha linatumia dola 1.39 kukusanya kila dola 1 ya ada. Kutuma bili, kufuatilia, kumtoa mtu, kumrudisha, kumtoa tena. Yaani watoto wanapoteza bima na serikali inapata hasara juu yake. Nikisoma vitu kama hivi nasikia uchungu kweli.

Na kati ya vyote kinachonikera kuliko hata ada ni adhabu ya kufungiwa nje. Jimbo la Indiana, Marekani pia, walipoanza mpango wao mpya wa bima mwaka 2015, wenye kipato juu ya mstari wa umaskini wasipochangia walitolewa na kufungiwa miezi 6. Miezi 6 mtu anataka kulipa, ana hela mkononi, haruhusiwi! Kama lengo ni watu wawe na bima hii inasaidia nini? Hapa ningeweza kutoa sifuri ningetoa sifuri.

Wapo wanaofanya vizuri na lazima wasemwe. Thailand mwaka 2002 waliamua bima ya watu wasio kwenye ajira rasmi isiwe na mchango wa mwezi kabisa, inalipwa na kodi, mtu akienda kutibiwa alikuwa anatoa baht 30 tu basi, na karibu nchi nzima ikawa na bima ndani ya muda mfupi. Rwanda hawakufuta mchango, na hili nalipenda kulitaja kwa sababu linaonyesha ada sio lazima iue mpango mzima, ila tangu 2011 waliupanga kwa ngazi za hali ya maisha, wale maskini kabisa wakalipiwa, na wengi wengine wanaweka kidogo kidogo kwenye vikundi vya akiba vya ibimina mpaka mchango wa mwaka unatimia. Hapo umezingatia hela ya maskini inavyoingia. Ghana nao watoto chini ya miaka 18 na wajawazito hawatozwi mchango, sawa kabisa, mtoto atoe wapi mchango?

Kinyume chake ni pale unapomwambia mtu asiye na ajira alipe mwaka mzima kwa mkupuo mmoja, kama utaratibu ulivyowekwa Kenya kwa walio nje ya mishahara tangu Oktoba 2024. Mwenye mshahara anakatwa kidogo kila mwezi, asiye na mshahara ndo adaiwe miezi 12 pamoja, hii kwangu imekaa kinyume kabisa, ingawa baadae ikaletwa njia ya kukopeshwa ulipe polepole, ambayo ni afadhali lakini bado ni mkopo, na mkopo kwa maskini ni mzigo mwingine.

Kwa hiyo je, nakushauri ujiunge? Ndio, jiunge, tena usisubiri kuumwa, kwa sababu bima nyingi zina muda wa kusubiri na utajikuta unalipa leo unahudumiwa baadae. Ila kabla hujatoa hela uliza maswali haya dirishani na usiondoke bila jibu: kuna msamaha wa ada kwa kipato changu au kwa watoto wangu? Maana watu wengi wanalipa kumbe walikuwa wanastahili kulipiwa, na wengine wameacha kumbe wangesamehewa. Pia uliza nikikosa mwezi mmoja nini kinatokea, nina siku ngapi za neema, na malimbikizo yanadaiwa vipi. Kama kuna namna ya kulipa miezi kadhaa mbele, lipa msimu ambao hela ipo, ukivuna au ukipata kazi ndefu, usingoje meseji ije wakati mfuko mtupu. Na kama una jirani ambaye kadi yake imekufa mwambie aende akaulize upya, masharti yanabadilika kila mara na aliyekataliwa zamani huenda sa hivi anaingia.