Koshari ya karibu na uwanja wa Tahrir, Cairo: nyota nne, ya tano imezuiwa na vitunguu

Mara ya kwanza nilikula hapa mwaka 2010, mwanafunzi wa Al-Azhar, mfukoni hamna kitu. Koshari ni chakula cha wanyonge wa Cairo: wali, makaroni, adesi na dengu, juu yake rojo la nyanya na vitunguu vilivyokaangwa mpaka vinavunjika mdomoni. Ongeza siki ya kitunguu saumu. Shata yao ni pilipili kweli. Mimi mtu wa Tanga nasema hivyo.

Januari 2011 waandamanaji wa Tahrir walipoimba "aish, hurriya, adala igtimaiyya", yaani mkate, uhuru, haki ya kijamii, mie neno la kwanza ndilo lililonigusa. Tarehe 28 intaneti na simu za mkononi zilikatwa. Habari tukazipata kwenye foleni ya bakuli. Siku 18 tangu maandamano yaanze, tarehe 11 Februari, Rais Mubarak akaondoka madarakani.

Nimerudi mwezi uliopita. Katikati ya uwanja sasa pamesimama mnara wa Kifarao, umezungukwa na sanamu zenye vichwa vya kondoo zilizotolewa Karnak. Muuzaji ni yule yule, kajaa mvi. Nikamuuliza kuhusu siku zile, akaniongezea adesi. "Kula, ya sheikh." Sikumchimba zaidi.

Ila vitunguu siku hizi wanavibania! Kijiko kimoja tu, cha pili unalipia. Bakuli dogo linatosha. Wahi kabla ya adhuhuri, baadaye hupati pa kukaa.