Ushauri wa usingizi katika kituo cha afya, Kadutu, Bukavu
Nilikwenda kuomba vidonge vya usingizi, kwa kuwa kwa miezi mitatu nilikuwa nikiamka saa tisa usiku na kukaa macho hadi kengele ya misa. Muuguzi hakuniandikia dawa, bali aliniuliza, "Mama, ni lini ulifurahia kitu mara ya mwisho?" nami nikalia. Alinieleza kwamba kukosa usingizi kwa muda mrefu huongeza hatari ya sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha, takriban mara 2, na sonona nayo huvuruga usingizi, hivyo yote mawili hutibiwa pamoja. Alinipa daftari la kuandika saa za kulala na kuamka. Kasoro ni moja, nayo ni kubwa: chumba kina pazia badala ya mlango, na foleni nzima inasikia. Sasa ninalala hadi saa kumi na moja.