Buti za ngozi wakati wa masika: nta ya nyuki au dawa ya kupuliza?

Kila masika yakikaribia napaka buti zangu nta ya nyuki. Dawa ya kupuliza yenye silikoni ina wepesi wake: unapuliza, unaacha ikauke, na rangi ya ngozi haibadiliki sana. Kwa ngozi yenye manyoya laini chagua hiyo, maana nta huyalaza manyoya. Lakini tope likishasugua siku kadhaa, maji huanza kupenya tena.

Nta huyeyuka kwenye nyuzijoto 62 hadi 64 hivi za Selsiasi. Naiyeyusha na mafuta kidogo kwenye kopo lililokaa ndani ya maji ya moto, kisha nasugua kwa kitambaa buti likiwa safi na kavu kabisa. Nakazania mshono unaounganisha ngozi na soli. Hapo maji hupenya upesi. Ngozi itakolea rangi, na ukizidisha nta, mguu utatoka jasho.

Kuteleza hakutibiwi na nta wala dawa. Soli ya ngozi ikilowa huteleza vibaya kwenye vigae. Mpelekee fundi viatu abandike soli ya mpira yenye meno makubwa, na nta isiguse chini kabisa.