Klorini gani inafaa bwawa la chumvi wakati wa baridi? Tunazichambua tatu hapa Kabale

Habari zenu wapendwa, karibuni sana. Leo niko huku Kabale, kusini magharibi mwa Uganda, ni saa moja asubuhi, ukungu haujatoka bado kule bondeni, na kipimajoto nilichotumbukiza kwenye maji sasa hivi kinasoma digrii 15. Nimekuja na klorini za aina tatu, ya maji, ya unga na ya vidonge, nataka tuzichambue moja moja kwa ajili ya bwawa la chumvi kwenye baridi kama hii, kwa sababu maelekezo mengi mnayoyaona mtandaoni ni ya watu wa Ulaya na Marekani ambao baridi ikiingia wanafunga bwawa, wanalifunika turubai mpaka msimu ugeuke. Sisi huku hatufungi. Wageni wa ziwa Bunyonyi wanakuja Julai na wanataka kuogelea Julai hiyohiyo.

Kabla ya klorini tuelewane kuhusu mashine. Bwawa la chumvi ni bwawa la klorini, chumvi ikipita kwenye ile seli, yaani sehemu ya mashine yenye bamba za chuma, umeme unaitoa klorini humo, ndiyo kazi yake. Sasa seli haipendi baridi. Mashine nyingi maji yakishuka kwenye digrii 15 hivi zinaanza kupunguza kazi, yakikaribia 10 zinazima kabisa, kila kampuni na kiwango chake kwa hiyo fungua kitabu cha mashine yako uangalie. Haijaharibika jamani, imetengenezwa hivyo ili seli isife mapema, usiite fundi aje kuifungua.

Na hapa ndipo hela za watu zinapotea. Maji baridi yanapitisha umeme kwa shida, kila digrii moja ikishuka uwezo unapungua kama asilimia mbili hivi, na mashine inakisia chumvi kwa kuangalia huo umeme. Nyingine zinajirekebisha zenyewe kulingana na joto, nyingine hazijirekebishi vizuri hasa sensa ikichoka, basi unaamka asubuhi unakuta taa inawaka, chumvi iko chini. Mtu anakimbia dukani, anabeba mifuko, anamwaga. Banange, subirini kwanza! Chumvi haipandi na mvuke. Inatoka maji yakivuja, ukiosha filta, watoto wakirusha maji nje, ama mvua ikijaza bwawa mpaka linafurika. Sasa Juni na Julai huku ni kiangazi, mvua ni ya kubahatisha, niambie hiyo chumvi imeenda wapi? Tazameni hapa, skrini ya mashine inasema 2,600, nikichota maji kina cha kiwiko na kupima kwa vipimo vya matone napata 3,200. Mashine nyingi zinataka kati ya 2,700 na 3,400 ppm, yaani gramu ngapi ndani ya lita elfu moja za maji, kwa hiyo hapa siongezi hata kijiko. Ukizidisha chumvi hakuna dawa ya kuiondoa, ni kumwaga maji ujaze mengine, na bili ya maji mnaijua wenyewe.

Ikiwa kweli imepungua, labda ni Novemba na mvua zimefurisha bwawa, hesabu ni rahisi, kwa bwawa la lita 50,000 kama hili kilo 10 zinapandisha 200 ppm. Zima seli, acha pampu izunguke, sugua chini kwa brashi, na upe siku nzima maana kwenye baridi chumvi inalala chini haitaki kuyeyuka. Na msiniletee chumvi ya ziwa Katwe. Najua ni yetu na ni bei nafuu, lakini ile inatoka na magadi na salfeti ndani yake, itawavuruga pH, yaani kipimo cha asidi ya maji, na seli, hapa tunataka chumvi safi ya asilimia 99 kwenda juu.

Haya, sasa klorini. Mashine ikipunguza kazi lazima wewe umalizie pale ilipoachia, na swali ni kwa kutumia nini.

Tuanze na unga, hii ya asilimia 65, ndiyo iliyojaa madukani Kampala na ndiyo wengi mnayo stoo. Nina glasi mbili hapa, hii ya kulia ni maji ya bwawa yenyewe, hii ya kushoto nimeyapasha moto kidogo mpaka uvuguvugu. Natia kijiko kidogo cha unga kila moja. Nakoroga... sawa. Sogeza kamera hapo. Mnaona ya kushoto imebaki na ukungu mweupe tu lakini chembe zimeisha, ya kulia chembe bado ziko chini zinabingirika kama mchanga, na nimekoroga sawasawa zote mbili. Sasa ukimwaga hizo chembe moja kwa moja kwenye bwawa la digrii 15, zinakaa juu ya tailizi usiku kucha, na kama bwawa lako ni la plastiki zinakula rangi, zinaacha madoa meupe ambayo hayatoki tena. Unga ni mzuri, sikatai, ila uyeyushe kwenye ndoo ya plastiki kwanza, na ni maji kwanza ndipo unga, usigeuze. Acha tope litulie, mwaga yale maji ya juu. Kwa lita 50,000 gramu kama 77 zinapandisha 1 ppm. Kasoro yake nyingine inaongeza kalisi, na kwenye bwawa la chumvi kalisi ikizidi inaganda kwenye bamba za seli.

Vidonge sivipi alama nyingi leo. Kidonge cha gramu 200 kwenye maji ya moto kinaisha ndani ya siku chache, kwenye baridi kinajivuta, unakipa kazi ya leo kinakuja kuifanya wiki ijayo. Halafu kila kidonge kinaacha stabilaiza majini, ile dawa inayoikinga klorini na jua, na kina asidi, stabilaiza ikipanda sana klorini inakuwepo kwenye kipimo lakini nguvu ya kuua vijidudu inashuka. Na sikilizeni hili vizuri, mama zangu na baba zangu mnaotunza stoo za hoteli, vidonge na unga visikutane kamwe, hata kikombe cha kupimia kimoja hapana, hata mabaki kidogo kwenye kile kifaa cha kuelea kinachobeba vidonge hapana, vikichanganyika vinaweza kushika moto na kulipuka. Siyo hadithi.

Ya maji ndiyo ninayoichagua kwa baridi, na siyo kwa kubahatisha. Imeshayeyuka tayari kwa hiyo baridi haina la kuifanya, haiongezi kalisi, haiongezi stabilaiza, na inachoacha nyuma ni chumvi kidogo ambayo bwawa letu linaihitaji hata hivyo. Ikiwa ni ya asilimia 10, nusu lita inapandisha 1 ppm kwenye lita 50,000. Mimina taratibu mbele ya tundu maji yanaporudi, pampu ikiwa inazunguka. Ubaya wake ni kwamba inachoka haraka ikikaa, joto na jua vinaimaliza nguvu, kwa hiyo angalia tarehe kwenye jerikeni, usinunue iliyoanikwa nje ya duka juani. Ikifika Kabale salama baridi yetu inaitunza vizuri stoo, ila kutoka Kampala ni safari ndefu, zaidi ya kilomita 400, tafuta gari la mizigo, usiibebe ndani ya taksi na abiria.

Sasa kuna jambo wale wa Ulaya hawatawaambia kwa sababu kwao halipo. Huku kwetu asubuhi ni baridi lakini saa sita jua liko utosini, tuko karibu kabisa na Ikweta na tuko juu mlimani, na jua hilo linaipeperusha klorini isiyo na stabilaiza ndani ya saa chache tu. Kwa hiyo msidanganyike na baridi mkaacha stabilaiza, bwawa la chumvi weka 60 mpaka 80 ppm. Nayo inayeyuka polepole sana kwenye maji haya, iweke ndani ya soksi safi, ining'inize mbele ya tundu la maji yanaporudi na uifinyefinye kila unapopita, usipime mpaka wiki ipite. Na klorini mwaga jioni, siyo saa tano asubuhi jua likiwa linachoma.

Kipimo nacho kibadilike. Kwenye baridi mwani unakua taratibu na watu wanaoga wachache, kwa hiyo dozi ya Februari usiibebe mpaka Julai kwa mazoea, pima kila jioni kabla hujamimina. Asidi vivyo hivyo. Seli ikifanya kazi kwa nguvu pH inapanda, ikilala pH inatulia, sasa kuna mtu ana ratiba yake kila Jumatatu asidi, pH inaanguka, na maji baridi yenye pH ya chini yanakula simenti kati ya tailizi na yanakula chuma cha hita. Ikiwa 7.6 iache hapohapo. Ikipita 7.8 ndipo ushushe, na asidi unaitia kwenye ndoo yenye maji, siyo maji kwenye asidi, na siku hiyo klorini unaipa nafasi, imimine baadaye kabisa asidi ikishazunguka, maana asidi na klorini zikikutana zinatoa gesi inayochoma mapafu.

Na nyinyi wenye gesti na hoteli, huyo kijana anayewamwagia dawa kila jioni nimemwona mara nyingi yuko na kandambili na mikono mitupu. Kabla hamjaagiza hata jerikeni moja, mnunulieni glavu ndefu za mpira, miwani ya kuziba macho na buti.