Dongpo rou katika mgahawa mmoja wa Hangzhou

Mgahawa huu mdogo, ulio kwenye kichochoro karibu na Ziwa la Magharibi mjini Hangzhou, una orodha fupi ya vyakula, na sehemu kubwa ya orodha hiyo ni nguruwe. Mgeni ajue mapema kwamba nchini China neno rou, yaani nyama, likiachwa peke yake kwa kawaida humaanisha ya nguruwe, na ng'ombe au kondoo ndio wanaohitaji kutajwa. Kwa hiyo asiyekula nguruwe asibahatishe, bali atafute migahawa yenye alama ya qingzhen, yaani halali, ambayo Hangzhou haikosi.

Kilichonipeleka ni dongpo rou, chakula chenye jina la Su Dongpo, mshairi na mtumishi wa serikali wa enzi ya Song. Alipopelekwa uhamishoni Huangzhou mwaka 1080, aliandika shairi la kuisifu nyama ya nguruwe, akieleza kwamba huko iliuzwa kwa bei ya kutupa kwa sababu matajiri waliidharau na maskini hawakujua kuipika, kisha akatoa maelekezo yake: maji kidogo, moto mdogo na subira. Mwaka 1089 alirudi Hangzhou akiwa mkuu wa mji, akasimamia uzoaji wa matope ziwani, na wenyeji wakaifanya nyama hii kuwa yao.

Jikoni hapa subira hiyo haikosekani. Nyama ya tumbo hukatwa vipande vya mraba vyenye matabaka ya ngozi, mafuta na mnofu, hufungwa kwa unyasi ili visisambaratike, kisha huchemshwa taratibu katika mvinyo wa mchele wa Shaoxing, mchuzi wa soya, sukari, tangawizi na vitunguu vya majani, na kumaliziwa kwa mvuke. Kila mlaji huletewa kipande chake ndani ya kibakuli cha udongo chenye mfuniko. Nilipokigusa kwa vijiti, ngozi iliachia yenyewe. Mafuta yaliyeyuka bila kuacha utando mdomoni, na mnofu, ambao katika migahawa mingi ya watalii huwa mkavu, ulikuwa umenyonya mchuzi hadi ndani. Wali mweupe usiupuuze, kwa kuwa ndio unaopunguza utamu wa mchuzi, ambao kwa ulimi usiozoea mapishi ya Zhejiang, jimbo lenye Hangzhou, unaweza kuzidi kiasi.

Nyama iliyopikwa na meigancai, yaani majani ya haradali yaliyotiwa chumvi na kukaushwa, haikufikia kiwango hicho. Majani hayakuoshwa vya kutosha, chumvi ikafunika kila ladha, na mhudumu nilipomweleza aliniongezea chai badala ya kunibadilishia sahani. Kipande cha dongpo rou ni yuan 28, bei ambayo siilalamikii hata kidogo, ila ni vyema kufika kabla ya saa sita mchana, kwani vyungu vya asubuhi vikiisha hakuna vingine hadi jioni.