Atherton au Simmons? Uzoefu wangu na mabweni ya honors pale Penn State

Wadogo zangu mliopata Schreyer pale Penn State, Marekani, kwanza hongereni, pili acheni kuumiza kichwa na picha za vyumba. Mi mwaka wa kwanza nimekaa Atherton, shosti wangu alikuwa Simmons na nilikuwa nashinda kwake mpaka watu wa floo yake wakadhani nakaa palepale, kwahiyo yote mawili nayajua.

Kwa asiyejua, Schreyer ndo chuo cha honors, yani cha wanafunzi waliofaulu sana, ndani ya Penn State, kilianza 1997 baada ya William Schreyer na mkewe Joan kutoa dola milioni 30, na ukiingia ukiwa mwaka wa kwanza unatakiwa ukae bweni la honors, na mabweni yenyewe ndo hayo mawili tu. Waliosoma bongo wataelewa haraka, ni kama shule za vipaji maalumu, kina Ilboru na Msalato, yani wewe uliyezoea kuwa wa kwanza darasani unakuta jirani wa kushoto nae alikuwa wa kwanza kwao na wa kulia hivyohivyo. Wengine inawasumbua hiyo. Watu wanaongelea maksi mpaka kwenye chakula, aisee kuna siku unatamani tu mtu akuulize habari za Simba na Yanga.

Sasa Atherton. Ipo College Avenue, ukitoka unavuka barabara upo mjini, pizza, duka la dawa, kila kitu kwa mguu, na HUB, lile jengo la wanafunzi kukutania, nayo ipo jirani. Kelele zipo, hasa Jumamosi za mpira wa Kimarekani maana Beaver Stadium inaingiza watu zaidi ya 106,000 na mji wenyewe mdogo, wakimaliza mechi wote wanamwagikia mtaani. Ila kilichonifanya niipende sio mjini, ni kwamba ofisi za Schreyer zipo kwenye jengo hilohilo. Kwa mtu ambaye hana ndugu hata mmoja kwenye hilo jimbo hiyo ni kubwa sana, mi nilikuwa nashuka na ndala na khanga yangu begani naenda kuuliza habari za travel grant, yani msaada wa pesa za safari, au masomo ya semesta ijayo, wakanizoea kwa sura na jina, na ukishajulikana hata kuomba barua ya mapendekezo haikupi shida.

Simmons yenyewe ipo upande wa South Halls karibu na Redifer ambako ndo mnakula. Usidharau hilo mpaka uione Januari ya Pennsylvania, theluji imeganda njiani na wewe una njaa. Halafu nikiwa kule niliona watu wanajuana haraka zaidi, milango inaachwa wazi, mtu anapita anakusalimia. Utasikia wanasema Atherton ya wenye fujo Simmons ya wapole, mi naona ni floo tu umeangukia wapi. Kwangu Atherton nne na nusu kwa tano, Simmons nne, na ningekuwa mtu wa kukaa ndani sana ningegeuza hizo alama bila kufikiria.

Kiukweli roommate ana uzito kuliko jengo. Kwenye eLiving mnakoombea chumba semeni ukweli saa zenu za kulala, msijifanye mnalala saa nne. Na sisi tuna jambo letu la simu za nyumbani, wakati wa baridi saa tano usiku ya kule ni saa moja asubuhi Dar, mama ndo anachemsha chai na anataka kuongea, mwenzio kalala futi sita kutoka ulipo. Mi nilikuwa nahamia lounge, na saa hizo lounge huwa haikosi mtu anapambana na Math 140, somo la calculus, mwishoe na yeye anamjua mama yangu kwa sauti. Hao wa lounge ndo walinitoa kwenye hesabu, na msaada wa hivo mnauhitaji maana GPA ikishuka chini ya 3.4 unakuwa pabaya, na thesis inakusubiri huko mbele.

Vitu vidogo ila muhimu: godoro la kule ni inchi 36 kwa 80, wanaita Twin XL, upana ni ule wa tatu kwa sita yetu lakini refu, shuka ya kutoka Kariakoo inaishia njiani, nunueni kulekule. Siku ya kufika mwambie dereva Atherton Hall, tena muoneshe kwenye ramani, maana kuna Atherton Street upande mwingine kabisa wa chuo na utashushwa na mabegi yako hujui uanzie wapi. Likizo ya Krismasi ulizeni mapema kama bweni lenu linafungwa, wenzenu wa huko wanarudi kwao kwa gari, tiketi ya Dar sio ya kuamua Desemba. Na kuanzia mwaka wa pili, mwenye moyo wa kukaa na watu aombe kuwa RA, yani mwanafunzi msimamizi wa bweni, chumba kinakuwa bure, ila wenye viza ya mwanafunzi ya F-1 mkumbuke hiyo inahesabika kama kazi ya chuoni, ile ya mwisho saa 20 kwa wiki wakati masomo yanaendelea, kwahiyo ukiwa na kazi nyingine ya library piga hesabu kabla hujasaini.