Uzoefu wangu: slabu ya ua iliyopasuka Mbale, na mvutano wa nani alipe ukarabati

Mkandarasi huyu sitamtaja jina, kwa sababu mwishowe kazi aliimaliza, ingawa kwa kusukumwa. Lakini watu wengi hapa Mbale, mashariki mwa Uganda, wanamwaga zege kwenye nyua zao siku hizi, na tangu nianze kulizungumzia jambo langu, majirani watatu wamenionyesha nyufa zao na kunisimulia ugomvi uleule. Kwa hiyo naeleza yote, na pale nilipokosea mimi napaeleza pia.

Nyumba yetu iko upande wa bondeni, si mbali na mto Nabuyonga. Mafuriko ya mwisho wa Julai 2022 yalituachia ua wa tope, na kila mvua iliyofuata gari lilikwama getini. Nikaweka akiba polepole kutoka kibanda changu cha nguo Soko Kuu, hadi Januari 2024 nikaweza kumwita mkandarasi. Alipendekezwa na mtu ninayemheshimu. Ni kijana wa Busia, nami nimekulia Malaba, basi tukaelewana kwa Kiswahili tangu siku ya kwanza, yeye akiniita Hajati, mimi nikimwita Injinia.

Tuliandikiana kwenye karatasi ya daftari, mbele ya mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji. Eneo mita 9 kwa 6. Kusawazisha udongo, kushindilia, kutandaza moramu (udongo wa changarawe), kuweka wavu wa chuma, kumwaga zege unene wa inchi 4, kumwagilia maji siku 7. Bei shilingi 3,900,000, vifaa vyote juu yake. Karatasi ilikuwa nzuri. Hata leo nikiisoma naona imeandikwa vizuri kuliko kazi yenyewe ilivyofanywa.

Kosa langu la kwanza lilitangulia kabla ya karatasi hiyo. Wiki mbili nyuma nilikuwa nimemleta fundi bomba wangu mwenyewe apitishe bomba la maji machafu kutoka jikoni hadi kwenye chemba, shimo la kukusanya maji machafu, iliyo katikati ya ua. Alichimba mtaro, akalaza bomba, akarudisha udongo kwa koleo na kuukanyagakanyaga kwa miguu. Nilimharakisha, kwa sababu nilitaka ua uwe wazi. Mtaro huo ndio uliokuja kuwa kesi nzima.

Siku ya kumwaga ilikuwa ya jua kali na upepo. Nilikuwepo asubuhi, nikaona mambo mawili ambayo sikuyajua maana yake wakati ule. La kwanza, mapota, yaani vibarua, walikuwa wakichanganya kwa mkono chini, na kila mfuko mmoja wa saruji ulitiwa jerikani mbili za lita 20. Zege lilikuwa laini kama uji, likijitandaza lenyewe, nami nikafurahi nikidhani laini ndiyo nzuri. Baadaye niliambiwa kwamba mfuko wa kilo 50 unataka maji karibu lita 25, na pungufu ya hapo kama mchanga una unyevu. Maji yote yanayozidi hukauka yakaacha vitundu, na zege husinyaa zaidi. La pili, wavu wa chuma ulilazwa juu ya moramu bila kuinuliwa na chochote, mapota wakawa wanatembea juu yake na matoroli.

Jioni Injinia alisema anahitaji kulipa vijana wake. Nikampa salio lote. Hilo ni kosa langu la pili, na ndilo lililoniumiza zaidi, kwa sababu kuanzia siku ile hakuwa na sababu ya kurudi isipokuwa uungwana wake.

Maji yalimwagiwa siku mbili. Siku ya tatu pota hakuja. Nilimpigia Injinia, akasema vijana wako Sironko kwenye kazi nyingine, nimwagilie mwenyewe. Nilimwagilia jioni nikirudi sokoni, lakini mchana kutwa ile slabu ilikuwa ikiokwa na jua la Januari. Wiki ileile nyufa ndogondogo zikatokea, nyembamba kama unywele, zimetapakaa bila mpangilio. Nikasema ni kawaida.

Mvua za Aprili zilipoanza, ukatokea ufa mwingine kabisa. Ulianzia kwenye kona ya chemba, ukaenda moja kwa moja hadi ukuta wa jikoni. Mwezi wa Mei sarafu ya shilingi 500 ilizama ndani yake ikisimama. Nilipopitisha kiganja juu ya ufa nikasikia ngazi: upande mmoja umeshuka, kama unene wa msumari wa paa. Maji ya mvua yakawa hayaendi tena getini, yanaingia humo humo kwenye ufa.

Injinia alikuja mara ya kwanza bila ubishi, hilo nampa. Alileta saruji kidogo, akachanganya niru (uji wa saruji na maji), akaupaka ufa kwa mwiko, akalainisha, akaondoka. Haikuchukua hata nusu saa. Wiki ya pili niru yote ilikuwa imebanduka vipande vipande kama ganda la yai, na ufa ukawa palepale.

Mara ya pili ndipo maneno yalipobadilika. Alisema kuchonga ufa na kuujaza vizuri ni shilingi 650,000, na nilipe mimi.

"Hajati, zege lote hupasuka. Muulize mtu yeyote. Na udongo ule ni wa kwako, mtaro ni wa fundi wako. Mimi niliitwa kumwaga zege."

Niseme ukweli: nusu ya maneno yake ni kweli. Zege husinyaa linapokauka, na nyufa za unywele si ushahidi wa wizi wala uzembe peke yake. Ndiyo maana slabu pana hukatwa mikato makusudi, kila mita mbili na nusu au tatu kwa unene ule wa inchi 4, ili lipasukie pale lilipoelekezwa. Yangu, mita 9 nzima, haikuwa na mkato hata mmoja. Tena kona ya chemba ndipo mahali ufa hupenda kuanzia, kwa hiyo pale hasa ndipo mkato ulipotakiwa. Lakini ufa wenye ngazi ni habari nyingine. Zege likisinyaa, pande mbili huachana tu. Upande mmoja ukishuka, kilichotembea ni ardhi iliyo chini.

Sikutaka kubishana kwa hisia, nikatafuta mhandisi asiyemjua yeye wala mimi. Nilimlipa shilingi 150,000, na katika pesa zote nilizotoa kwa ua huu, hizo ndizo ninazoziona zilifanya kazi kuliko zote. Alifanya jambo rahisi kwanza: alibandika kipande cha kioo chembamba juu ya ufa kwa gundi, ncha moja huku, nyingine kule, akaandika tarehe pembeni kwa penseli. Akasema, kioo kikikatika, ufa bado unatembea, na kuujaza kitu chochote ni kutupa pesa. Kilikatika siku ya kumi na tisa, usiku wa mvua kubwa.

Aliporudi alivunja kitundu cha upana wa sahani karibu na chemba. Nilipiga magoti pale nikaona kwa macho yangu. Unene wa zege ulikuwa inchi mbili na robo tatu, si nne. Wavu ulikuwa chini kabisa, umekaa kwenye udongo, umeanza kutu, haujashikwa na zege hata kidogo. Na chini ya wavu kulikuwa na uwazi ambao mkono wangu uliingia. Alichukua nondo ya milimita 12 akaisukuma kwenye udongo wa mtaro kwa mkono mmoja. Iliingia kama kisu kwenye boga lililoiva.

Kisha akaniuliza ni mifuko mingapi ya saruji iliyotumika. Hapo biashara ilinisaidia, kwa sababu mimi huhesabu kila kinachoingia mlangoni kwangu na kukiandika. Ilikuwa mifuko 24. Akapiga hesabu mbele yangu: mita 9 kwa 6 kwa inchi 4 ni karibu mita za ujazo 5.5. Kwa mchanganyiko wa moja kwa mbili kwa nne, ambao ndio tuliokubaliana kwa mdomo na Injinia, mita moja ya ujazo inataka mifuko zaidi ya sita, yaani jumla kama 34. Kwa mifuko 24, ama zege lilikuwa hafifu, ama lilikuwa jembamba. Kile kitundu kilishatujibu.

Tulikaa kwa mwenyekiti wa LC1 siku ya Jumapili, Injinia, mimi, na fundi bomba wangu ambaye nilimwomba aje. Injinia alishikilia neno lake: udongo haukuwa wake. Fundi bomba naye alisema aliambiwa afanye haraka, na mimi nikakubali mbele ya watu wote kwamba ndivyo nilivyomwambia. Nilihisi uso ukiniwaka, lakini ningelificha hilo ningekuwa sina haki ya kudai lolote.

Mwenyekiti alikuwa kimya muda mrefu, akiisoma ile karatasi. Kisha akamuuliza Injinia: "Siku unamwaga, mtaro huo uliuona?"

"Niliuona, mzee."

"Ulimwambia Hajati kwamba haujashindiliwa?"

Hakujibu.

"Na hapa umeandika kushindilia. Umeshindilia nini, basi?"

Hapo ndipo kesi ilipogeuka, na hapo ndipo msimamo wangu ulipo hadi leo. Fundi anayemwaga zege juu ya udongo ameukubali udongo ule. Kama haufai, yeye ndiye anayejua, si mimi muuza nguo. Aniambie asubuhi ile, anidai pesa ya kuchimba upya, au akatae kazi. Akishaufunika, hawezi kurudi miezi minne baadaye akasema ulikuwa wa mtu mwingine.

Tuliafikiana hivi: yeye avunje na kumwaga upya ukanda wa mita 3 kwa 6 unaopita juu ya mtaro, saruji na kazi juu yake. Mimi nilipe moramu, na fundi bomba achimbue na kulaza bomba upya bila malipo. Niliona ni haki. Aliahidi wiki mbili. Zikapita sita. Simu zikawa hazipokelewi.

Ndipo mwanangu aliponieleza utaratibu wa madai madogo mahakamani. Upo Uganda tangu kanuni zake zilipotoka mwaka 2011, kwa madai yasiyozidi shilingi milioni 10, na mawakili hawahitajiki: unasimama mwenyewe na karatasi zako. Kwanza unampelekea mdaiwa notisi ya madai, unampa siku 14. Nilidai 1,450,000, gharama ya kurudia ukanda ule kwa bei ya fundi mwingine, nikaambatanisha nakala ya mkataba, maelezo ya mhandisi na picha za kile kitundu na kioo kilichokatika. Sikuandika tusi hata moja.

Siku ya kumi na moja alikuja. Hakutaka kuzungumza sana, na mimi sikumlazimisha.

Kazi ya pili niliisimamia kuanzia mwanzo hadi mwisho, nikafunga kibanda siku tatu. Mtaro ulichimbuliwa wote, ukajazwa kwa tabaka za inchi 6, kila tabaka ikapigwa kwa mashine ya kushindilia mpaka nondo ya mhandisi ikakataa kuingia. Wavu uliinuliwa kwa vijiwe vya zege alivyovitengeneza Injinia siku iliyotangulia. Maji yalipimwa kwa ndoo, na alipotokea pota mmoja akitaka kuongeza, Injinia mwenyewe ndiye aliyemkataza. Kesho yake asubuhi walikata mikato kwa grenda, kina cha inchi moja, mmoja wao ukiwa umegusa kona ya chemba. Tulifunika kwa magunia mabichi siku saba kamili. Siku ya tatu nilimkuta mwenyewe amekuja saa kumi na mbili asubuhi kuyalowesha, kabla ya kwenda kazi yake nyingine. Hilo nalo nalisema, kwa sababu liliniambia kwamba kazi anaijua. Mara ya kwanza hakuifanya tu.

Kama huduma, nampa nyota mbili kati ya tano: moja kwa ufundi anapotaka kuutumia, na moja kwa kuja kabla hatujafika kwa hakimu. Ningempa tena kazi? Ndiyo, lakini ningeshika asilimia 10 ya pesa miezi sita, hadi mvua za msimu mmoja zipite juu ya slabu. Na kwenye karatasi ningeongeza mstari mmoja: kwamba ameukagua udongo na ameukubali, pamoja na saini yake kando ya mstari huo.

Ukanda mpya umepitiwa na misimu miwili ya mvua sasa. Kwenye sehemu ya zamani, upande wa geti, kuna ufa wa unywele ambao haukuguswa. Nimebandika kioo juu yake na kuandika tarehe kwa penseli. Hadi leo asubuhi kilikuwa kizima.